Barua ya wazi: Vijidudu vya Katwe viende anga za juu kwa mikono yetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Ubunifu;
Kwa wakuu wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST), Mamlaka ya Wanyamapori (UWA) na Mamlaka ya Mazingira (NEMA);
Kwa waheshimiwa wabunge wa Kasese, Bundibugyo na Hoima.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Kasese. Ombi langu nalitaja mwanzoni kabisa, ili asiye na muda wa kusoma barua nzima asilikose. Naomba Uganda ianzishe hazina ya taifa ya vijidudu sugu, yaani vinavyostahimili mazingira makali: jengo lenye friji, wataalamu na daftari, ambamo vijidudu vinavyoishi kwenye chumvi ya ziwa la Katwe hapa Kasese, kwenye chemchemi zinazotokota za Sempaya kule Bundibugyo na kwenye udongo wa chumvi wa Kibiro kule Hoima vitakusanywa, vitapewa namba na kutunzwa hapa hapa nyumbani. Kutoka kwenye hazina hiyo, baadhi vipelekwe anga za juu katika jaribio litakalobuniwa na kuongozwa na Waganda.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Najua zahanati zinazokosa dawa na madarasa yanayovuja, maana nafundisha katika mojawapo. Bado naandika, kwa sababu hili ninaloomba linaanza kwa gharama ndogo, na faida yake tukichelewa itaandikwa kwa jina la wengine.

Niruhusuni nieleze kwanza ni majaribio gani haya, maana nikiyataja mbele ya watu wazima wengi hudhani nazungumzia hadithi za watoto. Kwa zaidi ya miaka 40 sasa, wanasayansi wamekuwa wakivifunga vijidudu nje ya vyombo vya anga na kuviacha huko vipambane na ombwe (utupu usio na hewa), baridi, joto, mionzi na miale ya urujuanimno ambayo hapa chini inazuiwa na tabaka la ozoni. Setilaiti moja ya Marekani iitwayo LDEF ilizunguka dunia kuanzia 1984 hadi 1990 ikiwa na spora, yaani chembe ngumu za kujihifadhi, za bakteria aitwaye Bacillus subtilis, na karibu miaka 6 baadaye nyingi kati ya zile zilizokingwa dhidi ya jua zilirudi zikiwa hai. Shirika la anga la Ulaya lilifuata na visanduku vilivyoitwa EXPOSE, vilivyowekwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mara 3 kati ya 2008 na 2016.

Jaribio la Wajapani ndilo ninalolipenda kuliko yote. Bakteria aitwaye Deinococcus radiodurans aligunduliwa mwaka 1956 huko Oregon, Marekani, katika kopo la nyama lililopigwa mionzi ili kuua kila kitu ndani yake, na nyama ikaoza vilevile. Mionzi huikatakata DNA yake vipande vipande, naye huiunganisha upya katika muda wa saa chache. Kuanzia 2015 Wajapani walimkausha, wakatengeneza chembe za unene tofauti, wakazibandika nje ya moduli yao ya Kibo kwenye kile kituo. Chembe nyembamba zilikufa zote. Zile zilizofikia nusu milimita na zaidi, safu ya juu ilikufa na miili yake ikawa ngao kwa walio chini, na hao wa chini walikuwa hai hata baada ya miaka 3. Matokeo yalitangazwa 2020. Hapo ndipo swali la kale, kama uhai unaweza kusafiri kutoka sayari moja hadi nyingine, lilipoacha kuwa porojo na kuwa jambo la kupimwa kwa rula.

Lakini kusafiri kwa uhai ni sehemu ndogo ya hoja. Sehemu kubwa ni alama. Tukipeleka roboti Mirihi, haitakutana na mnyama anayetembea. Pengine itakuta jiwe, na ndani ya jiwe mabaki ya kitu kilichoishi mabilioni ya miaka iliyopita, yakiwa yamechomwa na jua tangu wakati huo. Mabaki gani yanadumu? Yanaonekanaje? Katika jaribio la BIOMEX, lililokuwa kwenye EXPOSE ya 2014 hadi 2016, vijidudu, kuvu na mwani vilichanganywa na udongo uliotengenezwa ufanane na wa Mirihi, vikaachwa nje kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha vikapimwa kwa spektromita ya Raman, kifaa kinachotambua kemikali kwa mwanga, ili kuona kama rangi zao bado zinatambulika. Spektromita ya aina hiyo ndiyo itakayobebwa na gari la Ulaya la Rosalind Franklin, linalotarajiwa kurushwa kwenda Mirihi mwaka 2028. Rangi zilizofuatiliwa sana ni karotenoidi, jamii ile ile inayoipa karoti rangi yake.

Sasa twende Katwe.

Waheshimiwa mliofika pale mnalijua ziwa lile, limekaa ndani ya kasoko ya volkano, karibu kabisa na Ziwa Edward lenye maji matamu. Maji huingia, hayana pa kutokea, jua linayala, chumvi inabaki. Kando ya ziwa kuna vidimbwi vilivyogawanywa kwa kuta za tope na miti, vingine vikirithiwa mtoto kwa mzazi. Kiangazi kikikolea, maji ya baadhi ya vidimbwi hubadilika kutoka kijivu yakawa ya waridi, kisha mekundu kama sharubati ya rozela. Wanaochota chumvi wanaijua dalili hiyo na wanaifurahia, maana chumvi iko karibu kuganda. Wekundu huo ni kazi ya viumbe hai. Wengi wao ni wa ukoo wa arkea, ukoo ulio mbali na bakteria ingawa kwa macho wanafanana, na rangi yao ni karotenoidi inayowakinga na jua.

Nimeliweka tone la maji hayo chini ya hadubini yetu ya shule. Ni hadubini kuukuu, kioo chake kina ukungu upande mmoja, lakini inatosha. Wanafunzi waliona vijiti vidogo vyekundu vikitikisika katika maji mazito ambayo samaki wa Ziwa Edward asingeweza kukaa humo hata kidogo. Kisha nikadondosha maji safi pembeni ya kile kioo. Vijiti vilivyoguswa na maji safi vilivimba vikapasuka, kimoja baada ya kingine, na wekundu ukasambaa ukafifia. Darasa zima lilikaa kimya, halafu msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, kumbe kwao maji matamu ndiyo sumu?" Ndivyo hasa. Vijidudu hivi bila chumvi kali haviwezi kuishi, kwa hiyo hata ndani ya damu ya binadamu havina makao. Naliandika hili kwa ajili ya yeyote atakayeogopa akisikia neno vijidudu.

Je, vinaweza kuishi anga za juu? Ndugu zao wameshajaribiwa. Kutoka kwenye chumvi ya Baja California, Mexico, alitolewa arkea mmoja akarushwa kwa chombo cha Urusi mwaka 1994, akakaa wiki 2 kwenye ombwe na kurudi hai. Baadaye alipewa jina la kisayansi Halorubrum chaoviator, msafiri wa utupu, na akarudishwa tena angani kwenye EXPOSE. Chumvi yenyewe ilimsaidia: inapoganda, hukifungia kijidudu ndani ya fuwele pamoja na tone la maji yake. Watu wa Mexico wana shamba la chumvi lililotoa msafiri wa anga za juu. Sisi tuna Katwe, na maziwa mengine ya chumvi, Nyamunuka na Kikorongo, na wilaya moja tu inatosha kuyaona yote kwa siku moja.

Tena Katwe si chumvi tupu. Maji yake ni ya magadi, makali kama sabuni, na magadi yamegeuka kuwa habari kubwa angani. Tarehe 24 Septemba 2023 chombo cha OSIRIS-REx kilileta duniani takriban gramu 121 za mchanga wa asteroidi Bennu. Januari 2025 wanasayansi walitangaza kwamba ndani ya mchanga ule wamekuta chumvi za aina mbalimbali zilizoachwa na maji yaliyokauka, na mojawapo ni magadi, madini yale yale yanayopatikana kwenye tope la Katwe na kwenye Ziwa Magadi la Kenya. Kabla ya hapo, mwaka 2009, watafiti wa chombo cha Cassini walionyesha kwamba vumbi la barafu linalorushwa na Enceladus, mwezi wa Zohali, lina chumvi na kabonati za sodiamu, yaani chini ya barafu yake kuna bahari ya chumvi na magadi. Mtu anayetaka kujua ni uhai wa namna gani unaweza kuvumilia maji ya aina hiyo ana sababu nzuri ya kupanda basi la Kasese.

Na Sempaya ina hoja yake. Mwaka 2007 gari la Marekani la Spirit, likiburuza gurudumu lililokwama katika kasoko ya Gusev kule Mirihi, lilifukua udongo mweupe uliokuwa karibu asilimia 90 silika, madini yanayotengeneza mchanga na kioo. Wengi wameona humo dalili ya chemchemi ya maji moto ya zamani. Tangu hapo, chemchemi za duniani zimekuwa shule ya watafiti wa Mirihi, nasi tunawaonyesha watalii za kwetu kwa kuchemshia mayai. Sina ugomvi na mayai. Nasema tu kwamba kandokando ya maji yale, pale yanapopoa kidogo kidogo na tope kubadilika rangi kutoka kahawia hadi kijani, kuna maarifa ambayo tumeyaacha yakipita chini ya miguu yetu.

Lipo jambo linaloniuma katika haya. Dunia inayajua majina ya mahali petu kwa magonjwa. West Nile ni jina la virusi vilivyopatikana kwetu mwaka 1937. Zika, msitu mdogo wa kando ya Entebbe, ni jina la virusi vya 1947. Bundibugyo, wilaya ile ile yenye Sempaya, ni jina la aina ya Ebola iliyotambuliwa 2007. Wataalamu wa UVRI, taasisi yetu ya utafiti wa virusi ya Entebbe, wamefanya kazi ya kishujaa juu ya virusi hivyo na sitaki kuipunguza hata chembe. Lakini mtoto wa Bundibugyo akiandika jina la kwao kwenye intaneti, kinachotangulia ni kifo. Ningependa siku moja akute pia kijidudu chenye jina la kwao kilichowafundisha watu namna uhai unavyovumilia.

Atakayesema vijidudu vya chemchemi havileti mkate, namwomba akumbuke mpaka wa Malaba mwaka 2020. Madereva wa malori walikaa foleni ndefu ajabu wakisubiri majibu ya kipimo cha korona. Kipimo kile, PCR, kinategemea kimeng'enya kisichoharibika kwa joto, na kimeng'enya hicho asili yake ni bakteria Thermus aquaticus, aliyepatikana katika miaka ya 1960 kwenye chemchemi ya maji moto ya Yellowstone, Marekani. Aliyemtafuta, Thomas Brock, alitaka tu kujua ni kiumbe gani anaishi kwenye moto ule. Mwaka 1991 haki za PCR ziliuzwa kwa dola milioni 300, na hifadhi ya Yellowstone haikupata hata senti. Kwa hiyo kila sampuli iliyopimwa Entebbe kwa njia hiyo ilibeba deni kwa kijidudu cha chemchemi.

Jirani zetu nao wameonja. Vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya Ziwa Bogoria viliingia kwenye biashara ya nje, ya sabuni na ya kufifisha rangi ya suruali za jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likajitokeza hadharani kudai haki yake, likisema hakuna ruhusa iliyotolewa. Kesi za namna hiyo ni ngumu sana kwa nchi isiyo na rekodi ya kilichotoka, lini, na kwa idhini ya nani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi sheria tunazo: kanuni za 2005 kuhusu rasilimali za jenetiki zinaitaka idhini na mgawanyo wa faida, na tangu 2014 tumo katika Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali hizo. Ila kanuni inayosimamia kitu ambacho hakijaorodheshwa haina cha kushika. Niliwahi kukutana na wageni wakijaza chupa kandoni mwa maji, watu wapole, wenye barua zao za ruhusa. Mwanafunzi akaniuliza chupa zile zitakaa wapi. Jibu la kweli lilikuwa nchi za mbali, maana hapa chupa hizo hazina pa kukaa.

Ndiyo maana hazina naitanguliza kabla ya roketi. Kijidudu kilichorudi kutoka angani kinalinganishwa na pacha wake aliyebaki duniani, na kama pacha hakutunzwa kwa uangalifu safari nzima ni bure. Tena, maeneo yenyewe hayatabaki yalivyo. Katwe, Buranga kunakotoka maji ya Sempaya, Kibiro na Panyimur ndiyo maeneo 4 yanayotafutiwa umeme wa jotoardhi. Ufukwe wa Ziwa Albert una shughuli za mafuta. Siupingi umeme, kijijini kwetu tunauhitaji. Naomba sampuli zichukuliwe na kuhifadhiwa kabla mtambo wa kuchimba haujatoboa, na sharti hilo liandikwe katika kila cheti cha tathmini ya mazingira kwenye maeneo hayo. NEMA inaweza kulifanya hili bila sheria mpya.

Kuhusu njia ya kufika angani, hatuanzi kutoka sifuri. PearlAfricaSat-1, iliyobuniwa na wahandisi wetu 3 katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022, na mwezi uliofuata ikaachiliwa kutoka moduli ya Kibo. Ile ile ambayo nje yake Wajapani walikuwa wamebandika Deinococcus. Mlango huo tumeshaupita mara moja na watu wa upande wa pili wanatufahamu. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu nayo ina mpango wa kuzipa nchi kama yetu nafasi za bure, na Kenya iliutumia kupeleka setilaiti yake ya kwanza mwaka 2018. Jaribio la vijidudu vilivyokaushwa halihitaji injini wala betri kubwa, ni vipande vya chumvi ndani ya kisanduku kinachoenea mkononi. Lakini Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, chenye Kibo hiyo, kimepangwa kustaafishwa 2030. Kuandaa jaribio, kulipitisha kwenye ukaguzi wa usalama na kupata zamu ya kurushwa huchukua miaka. Atakayeanza kujiuliza 2028 atakuwa amekwisha kuachwa.

Nawakumbusha pia watu wa chumvi, na hapa sisemi kwa adabu tu. Katwe wanaume kwa wanawake hushinda ndani ya maji yale yakiwafika kiunoni, ngozi ikichubuka, miguu ikitoka vidonda visivyopona upesi kwa sababu kesho yake wanarudi majini. Kibiro wanawake wanakwangua udongo na kuuchuja wakachemsha chumvi, kama walivyofanya bibi zao kwa karne nyingi. Wao ndio wanaojua kidimbwi kipi hubadilika rangi kwanza, mwezi gani, na baada ya mvua ya namna gani. Mtafiti anayekuja kwa wiki moja hana ujuzi huo. Basi wakati wa kuandika makubaliano ya kugawana faida, wakae mezani kwa majina yao, walipwe kama wasaidizi wa utafiti, na fungu la kwanza liende kwenye buti, glavu na zahanati ya Katwe. Nikiona jaribio limeruka angani na mama wa Katwe bado anaingia majini miguu mitupu, sitashangilia.

Ninachoomba kifanyike mwaka huu ni hiki. UNCST iwaite pamoja watu wa Makerere, Mbarara, UVRI na UWA, waamue hazina ikae wapi na nani aishike funguo. Kwa mawazo yangu tawi dogo liwe Kasese, karibu na sampuli, ili na shule zetu zifike, lakini sitalazimisha. Wizara itenge fungu lake katika makadirio yajayo, yatakayofikishwa bungeni ifikapo tarehe 1 Aprili, hata liwe dogo la kununulia friji mbili za baridi kali, jenereta ya kuzilinda umeme ukikatika, na kuwalipa vijana wanne waliomaliza shahada ya maikrobiolojia. Wapo, wengine wanauza dawa za mifugo madukani. Kisha wizara iandike barua kwa Wajapani tunaofahamiana nao, iulize masharti ya kupeleka sampuli nje ya Kibo.

Waheshimiwa wabunge wangu, ninyi naomba mlisemee hili kwenye kamati ya sayansi, na mkija Kasese mpite shuleni. Hadubini ipo, na maji mekundu nitayachota asubuhi ile ile.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa biolojia, Kasese